Mwaka Unaorudi Nyumbani

Skuli tulifundishwa kuwa mwaka una majira manne. Mwalimu alichora duara ubaoni, akaligawa mapande manne, na katika kila pande akaandika neno. Kiangazi tulikijua. Vuli tuliijua, ingawa vuli yetu ni mvua na ile ya kitabuni ni majani yanayopukutika. Kipupwe tulikijua kwa baridi yake ya alfajiri. Pande la nne ndilo lililotushinda. Kitabu kililiita majira ya machipuko, na picha yake ilikuwa mti mkavu unaoanza kutoa maua. Tukatazama nje ya dirisha. Mwembe wa uwanjani ulikuwa na majani yake yote, kama mwezi uliopita na mwezi wa kabla ya huo. Tukaliandika neno daftarini, tukalihifadhi kwa ajili ya mtihani, likaishia hapo.

Mwezi wa Machi, wakati miti ya huko inapoanza kuchipua, Mji Mkongwe unajiandaa kwa masika. Baraza za mawe zinalowa, vichochoro vya Mkunazini vinageuka mifereji, na wauza mishikaki wa Forodhani wanatafuta maturubai. Si msimu wa sherehe. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004, limewekwa Februari kabla mvua hazijaanza. Tamasha la filamu la nchi za majahazi, ZIFF, kwa miaka mingi lilikuwa likisubiri Julai, mvua zikiwa zimekwisha. Kati ya hapo, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli za pwani hufunga milango kabisa.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama Unguja kuna sherehe ya machipuko, jibu la haraka ni hapana. Jibu hilo lina kosa. Unguja ina mojawapo ya sherehe kongwe za machipuko duniani, na bado inafanyika kila mwaka. Ila inafanyika Julai, katikati ya kipupwe, mbali na mjini. Imepotea njia. Na namna ilivyopotea ni moja ya hesabu za kupendeza katika historia yetu.

*

Ukipanda gari ya Makunduchi siku hiyo utajua kuna jambo. Gari zimejaa tangu asubuhi, kinamama wamevaa kanga mpya na dera za kung'aa, watoto wamekatwa nywele. Makunduchi ni mji wa vijiji vilivyoshikana, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa, na watu wake wana lahaja yao, Kikae, ambayo mtu wa Malindi au Shangani anaweza kuisikiliza dakika kumi na kushika maneno matatu. Kwa lahaja hiyo kuoga ni kukoga. Mwaka Kogwa ni mwaka uliokogwa: mwaka uliooshwa.

Kwanza ni vita. Wanaume wa upande mmoja wanakabiliana na wa upande wa pili, mikononi wana mabua ya migomba, na wanapigana kweli. Bua la mgomba linauma lakini halivunji mfupa, na hapo ndipo ilipo hekima yake. Aliyekaa na kinyongo mwaka mzima, juu ya mpaka wa shamba au neno lililosemwa kisimani, ana ruhusa ya kukitoa siku hiyo mbele ya watu, na vita vikisha hakuna kesi. Wakati wanaume wanapigana, wanawake wanazunguka uwanja wakiimba. Nyimbo zao hazina haya. Yaliyofichwa nyumbani mwaka mzima yanatajwa hapo, kwa mafumbo na wakati mwingine bila mafumbo.

Kisha ni moto. Kibanda kidogo cha makuti kimejengwa uwanjani. Wazee wenye dhamana ya mila wanakitia moto mtu akiwa ndani yake, naye anatoka mbio moshi ukimfuata, na watu wanaukimbilia moto kuuzima. Mwaka wa zamani umeungua. Wanaojua kusoma moshi wanaangalia unakoelekea.

Baada ya moto ni bahari, chakula na ngoma, kwa siku kadhaa. Na kuna sharti moja linalomgusa mgeni: nyumba ya Makunduchi isiyopata mgeni siku hiyo haikuanza mwaka vizuri. Hivyo usijidhani unajipendekeza ukikaribishwa na mtu usiyemjua. Unamfaa.

Moto wa kuuaga mwaka, maji ya kuuosha, na watu kutoka nje ya nyumba zao kula pamoja. Mtu wa Shiraz au Tehran akielezwa mambo haya bila kuambiwa yanatokea wapi, angesema anayajua. Huko kwao, jioni ya kuamkia Jumatano ya mwisho wa mwaka, watu huwasha moto na kuuruka. Nyumba husafishwa kila pembe. Siku ya 13 ya mwaka mpya watu hutoka kwenda kula mashambani. Sherehe hiyo inaitwa Nowruz, maana yake siku mpya, nayo huangukia tarehe 20 au 21 Machi, wakati mchana na usiku vinapolingana na machipuko yanapoanza.

Na Siku ya Mwaka, ambayo wenyewe Makunduchi huiita tu Mwaka, ina jina lake la pili katika Kiswahili cha zamani, kutoka Lamu na Mombasa hadi Unguja. Jina hilo ni Nairuzi.

*

Ikiwa ni siku moja, kwa nini moja iko Machi na nyingine Julai?

Jua, kama tunavyoliona kutoka duniani, linamaliza mzunguko wake kwa siku 365 na karibu robo. Kalenda ya ukutani inaikusanya hiyo robo na kuifanya siku nzima kila baada ya miaka minne, tarehe 29 Februari. Kalenda ya zamani ya Uajemi haikufanya hivyo. Mwaka wake ulikuwa siku 365 kamili, robo ikaachwa. Robo siku ni kitu kidogo, saa sita hivi. Lakini kila baada ya miaka minne Nairuzi inakuja siku moja mapema kuliko jua. Katika maisha ya mtu wa miaka 60 inasogea siku 15. Katika miaka 120 inasogea mwezi mzima.

Waajemi wenyewe waliliona tatizo. Mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, wanajimu wake, mmoja wao Omar Khayyam ambaye wengi wanamjua kwa mashairi, walitengeneza kalenda mpya iliyoifunga Nowruz kwenye siku ya kwanza ya machipuko. Tangu hapo sherehe ya Iran ina nanga.

Nairuzi yetu haikupewa nanga hiyo. Iliendelea kuelea na hesabu ya kale. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapisha mwaka 1870 mwongozo wa Kiswahili cha Unguja. Siku zile Siku ya Mwaka ilikuwa ikiangukia kuelekea mwisho wa Agosti. Leo iko Julai. Ukichukua miaka 150 na ushei iliyopita tangu hapo, ukaigawa kwa nne, unapata siku 38 au 39. Toa siku hizo kutoka mwisho wa Agosti. Unafika Makunduchi.

Endelea kurudi nyuma kwa hesabu hiyo hiyo, karne baada ya karne. Agosti, Septemba, Oktoba, hadi Nairuzi hii ikutane na Machi, na machipuko ya Uajemi. Utakuwa umerudi kama miaka 1000, mwanzoni mwa karne ya 11.

Unguja si peke yake iliyobaki na kalenda hii. Wazoroasta wa Uajemi na Waparsi wa India waliendelea nayo pia. Kundi lao moja, linaloitwa Kadmi, linaadhimisha mwaka mpya katikati ya Julai, takriban wiki moja kabla ya moshi wa Makunduchi. Kundi kubwa zaidi la Waparsi liko nyuma kwa mwezi mmoja, kwa sababu wazee wao wa India waliwahi kuongeza mwezi mara moja, na mwaka wao mpya sasa uko katikati ya Agosti. Waparsi walikuwepo Mji Mkongwe. Mtoto wa familia moja ya Kiparsi, Farrokh Bulsara, alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, katika siku zile zile za mwaka mpya wa Kiparsi kama ulivyokuwa ukiangukia wakati ule. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Ina maana kwamba katika kisiwa kimoja kidogo watu wa dini mbili walikuwa wakisherehekea siku mpya ya Uajemi, kila mmoja kwa tarehe yake, na wote wawili wako mbali na machipuko. Sijui kama kuna siku Mparsi wa Shangani na mvuvi wa Makunduchi walikaa baraza moja wakalinganisha hesabu.

*

Lakini kwa nini watu wa pwani, Waislamu kwa karne nyingi, waitunze kalenda ya wafalme wa Kiajemi waliokuwa wakiabudu kwa moto?

Kwa sababu walikuwa na kazi nayo. Mwaka wa Hijria unafuata mwezi, una siku 354 au 355. Unafaa kwa Ramadhani, Hija na Maulidi, lakini kwa kilimo haufai, maana Muharram ya mwaka huu inakuja katika masika na baada ya miaka michache iko kiangazi. Mkulima anataka kujua lini apande. Nahodha anataka kujua lini kaskazi itamleta Unguja na lini kusi itamrudisha Maskati. Mambo hayo ni ya jua.

Ndipo ikaja hesabu ya miongo. Mwaka wa Nairuzi uligawanywa katika vipande vya siku kumi kumi, kila kimoja mwongo. Miongo 36 inafanya siku 360, na siku tano za mwisho zilibaki nje ya hesabu, siku za mpito. Mtu hakuuliza leo ni tarehe ngapi. Aliuliza tuko mwongo gani, na jibu lilimwambia kama mbegu ziende ardhini au zisubiri, na kama bahari inafunga au inafungua. Manahodha wa Kiarabu walifanya vivyo hivyo. Ahmad ibn Majid, mwana-bahari mkubwa wa Oman aliyeandika vitabu vyake katika karne ya 15, alihesabu misimu ya safari kwa siku za Nairuzi: kutoka bandari fulani siku ya ngapi, kurudi siku ya ngapi. Biashara yote iliyoujenga Mji Mkongwe, milango yake ya nakshi, karafuu na pembe, na pia biashara chafu ya watu, ilisafiri kwa pepo hizo mbili.

Uzuri mwingine wa kalenda hii ni kuwa haikuhitaji karatasi. Siku 365 ni wiki 52 na siku moja. Mwaka ukianza Jumatatu, unaofuata unaanza Jumanne, bila kukosa, na miaka yenyewe iliitwa kwa siku zake za kuanzia. Bibi asiyejua kusoma wala kuandika angeweza kuishika kichwani na kumrithisha mjukuu. Pengine ndiyo sababu hakuna aliyeongeza robo siku. Ukiiongeza robo, mpangilio wa siku za wiki unavunjika, na kalenda inahama kutoka kichwa cha bibi kwenda kwenye kitabu cha mwanajimu.

*

Nani aliileta? Swali hili halijawahi kuwa jepesi Zanzibar.

Si mbali na Makunduchi, Kizimkazi Dimbani, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa ukutani kwa jiwe la matumbawe. Tarehe yake ni mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Uchongaji wake umelinganishwa na ule wa Siraf, bandari ya zamani ya Ghuba ya Uajemi. Na watu wa kusini mwa Unguja wamejiita Washirazi kwa vizazi vingi, wakisema asili yao ni Shiraz.

Katika karne ya 20 neno hilo lilibeba mzigo mzito. Chini ya serikali ya kikoloni kabila lilihesabika katika karatasi, na kuitwa Mshirazi, Mwafrika au Mwarabu kulikuwa na faida na hasara zake. Mwaka 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana kikazaliwa chama cha Afro-Shirazi, kilichoshika nchi baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Tarehe 5 Februari 1977 ASP na TANU viliungana kuwa CCM, na neno Shirazi likatoka katika jina la chama tawala. Wasomi wengi wa zama hizo waliona Ushirazi ni hadithi tu, watu wakijitafutia babu wa mbali ili wasihesabiwe pamoja na waliokuwa watumwa.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na bara yake jirani. Matokeo hayakumpa ushindi upande wowote. Katika miji ya Waswahili damu ya Asia ilikuwemo, mwanzoni hasa ya Kiajemi, na ilianza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Ilitoka kwa wanaume. Upande wa wanawake ulikuwa karibu wote wa Kiafrika.

Weka hayo pamoja: mchanganyiko wa karibu mwaka 1000, msikiti wa 1107, na Nairuzi ambayo ukiirudisha kwa hesabu inakaa sawasawa na machipuko mwanzoni mwa karne ya 11. Hesabu ya kalenda haithibitishi ni siku gani Nairuzi ilishuka ufukweni, maana kalenda yenyewe ni ya zamani zaidi; Waajemi waliihesabu tangu kutawazwa kwa mfalme wao wa mwisho wa Kisasani, Yazdgerd wa Tatu, mwaka 632. Inachoonyesha ni kuwa iliyofika hapa ni ile ya kabla ya nanga ya Omar Khayyam.

Na ukifikiria ule uchunguzi wa vinasaba, unaanza kuiona nyumba yenyewe. Baba amekuja na kaskazi, ana hesabu ya siku zake kichwani. Mama ni mwenyeji, ana ardhi, lugha, na mila yake ya kuuaga mwaka na kuwatuliza wakubwa waliotangulia. Mtoto anarithi vyote. Tarehe ni ya baba. Nyimbo, lugha ya nyimbo hizo, na nyumba isiyokubali kukosa mgeni, sioni sababu ya kuvitafutia Shiraz. Tumegombana muda mrefu juu ya sherehe hii kama ni ya Kiajemi au ya Kiafrika, tukisahau kuwa aliyeitunza miaka 1000, na kuifundisha kwa Kikae, ni mtoto wa nyumba hiyo.

*

Nowruz imeingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika tangu mwaka 2009, na Umoja wa Mataifa unaitambua tarehe 21 Machi. Nchi nyingi zimejiorodhesha humo, kutoka Uturuki hadi India. Tanzania haimo. Hakuna aliyetukumbuka, na pengine hatukujikumbuka wenyewe.

Nyumbani kwenyewe Mwaka Kogwa una watu wa kuusema kutoka pande mbili. Wapo wanaouona ushirikina usiomfaa Muislamu. Wapo wanaouona bidhaa nzuri kwa watalii, wakitaka jukwaa, vipaza sauti na wadhamini. Mimi naona hasara nyingine, ambayo haipigiwi kelele. Kalenda ya Nairuzi ilikuwa na siku 365, na tumebaki na siku moja. Ile miongo 36, elimu ya mvua, mbegu na pepo, imekwenda na wazee. Vijana wa Makunduchi wanajua siku ya kupigana na mabua. Ukiwauliza leo ni mwongo wa ngapi watacheka. Nami nilipoulizwa mara ya kwanza nilicheka vilevile, maana sikujua. Na hii inatokea wakati wakulima wanalalamika kuwa masika hayashiki tena siku zake, yaani wakati ambao tungefaidika zaidi na watu waliozoea kuhesabu mvua kwa vizazi.

Tena kuna hatari kwa ile siku moja iliyobaki. Utalii unapenda tarehe isiyobadilika. Mwenye kununua tiketi ya ndege miezi sita kabla anataka kujua ni Julai ngapi, na jibu la kuwa inategemea hesabu ya wazee halimfai. Ni rahisi siku moja kuchapisha tarehe kwenye bango na kuiacha hapo milele. Haitaonekana kama ni kitu kikubwa. Ngoma zitapigwa, kibanda kitaungua.

Lakini fanya hesabu mara ya mwisho. Nairuzi inasogea nyuma, kutoka Agosti ya Steere hadi Julai yetu. Wajukuu wetu wataikuta mapema kidogo, na wajukuu wao wataikuta Juni. Kutoka Julai hadi tarehe 21 Machi ni siku 120 na ushei. Kwa mwendo wa siku moja kila miaka minne, ni kama miaka 500. Wakati fulani katika karne ya 26, kama hakuna atakayeifunga kwa bango, moshi wa Makunduchi utapanda siku ile ile watu wa Shiraz wanapoanza mwaka wao. Itakuwa imezunguka mwaka mzima na kurudi pale ilipotokea. Itakuwa Machi, na huenda mvua ya kwanza ya masika ikauzima moto kabla watu hawajaufikia.

Hakuna yeyote kati yetu atakayekuwepo. Haihitaji tuwepo. Inahitaji tu mtu mmoja katika kila kizazi anayejua kuwa mwaka huu ukianza Jumatatu, ujao unaanza Jumanne.